Taulo Juu ya Kiti Kitupu

Dada yangu ndiye aliyetupeleka kwenye ile meli, na kwa miezi mingi nilimlaumu yeye kwa yote yaliyotukuta humo. Sasa simlaumu. Hasira yenyewe ninayo bado, na sioni haya kusema hivyo.

Yeye anaishi Louisville, hapa Marekani, anapanga vifurushi kwenye ghala kubwa upande wa uwanja wa ndege. Mimi niko Columbus. Nilikwenda kusoma, nikamaliza, nikapata kazi kwenye maabara ya chuo, na bado napanga chumba mtaa ule ule wa wanafunzi kwa sababu napenda kutembea kwa miguu kwenda kazini. Mama ndiye aliyebaki Buffalo, mtaa wa West Side, kwenye nyumba ya mbao tuliyofikia tulipotolewa kambini Kigoma. Sisi ni Warundi, lakini mimi na dada tumekulia Tanzania, na nyumbani tunazungumza Kiswahili na Kirundi bila kuangalia kipi kimeanzia wapi. Mama akikasirika sana hubaki na Kirundi peke yake.

Majira ya baridi ya mwaka ule Mama aliteleza kwenye ngazi za nje akielekea kanisani. Hakuvunjika, lakini aliogopa. Barafu ilimvunja moyo kuliko mfupa. Nilipofika kwa ajili ya Krismasi nilimkuta jikoni, amefungua mlango wa oveni ili apate joto, miguu yake ameiweka juu ya mto, pazia amelishusha mchana kweupe. Akaniambia hajakanyaga nje tangu aanguke. Akina mama wa kanisani walikuwa wanamletea maziwa na mkate kama mgonjwa.

Nikampigia dada, nikaiweka simu mezani tusikie wote.

"Mama," dada akasema, "mwezi wa pili nakupeleka kwenye jua."

"Jua la wapi? Kigoma?"

"Karibiani. Tunakwenda kwa meli, tunakaa humo humo wiki nzima, tunakula na kulala."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, mimi nimepanda chombo cha majini mara moja tu, usiku tulipovuka ziwa. Nilipanda nikiwakimbia watu. Sasa unataka nipande nikawafuate?"

Lakini dada alikuwa amekwisha kwenda mara moja na wenzake wa kazini, na alikuwa na jibu la kila kitu. Mama alimwuliza kama watu humo hutembea uchi. Akamwuliza kama mtu anaruhusiwa kuomba kabla ya kula. Akamwuliza, na hili nalikumbuka vizuri, ni watu wa namna gani atakaokuwa nao.

"Wastaafu, Mama. Wazee kama wewe waliokimbia theluji. Asubuhi wanakusalimia hata kama hawakujui. Wanacheka, wanacheza karata, wanalala juani. Hakuna anayemsumbua mwenziwe."

Baadaye nilimpigia tena nikiwa peke yangu. "Dada, wewe ulikwenda na kundi la vijana wenzako. Mama anafunga kitenge na hajui Kiingereza."

"Ndiyo maana na wewe unakuja," akanijibu.

Basi nikaenda. Nataka niseme ukweli kwamba siku ya kwanza ilikuwa nzuri. Tulitoka Buffalo mimi na Mama tumevaa majaketi mazito, tukakutana na dada uwanja wa ndege wa Florida, na tulipotoka nje ile hewa ya joto ilimpiga Mama usoni akasimama. Alivua jaketi, akavua sweta, akavua na soksi pale pale kwenye benchi, akavaa ndala. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke nilimwona anatembea bila kutazama chini.

Melini tulipewa meza moja ya chakula cha jioni kwa safari nzima, pamoja na mume na mke wazungu waliostaafu. Mume alikuwa mwalimu wa sekondari, mke alikuwa mwimbaji wa kwaya ya kanisa lao. Kabla ya kula walishikana mikono wakainamisha vichwa, wakatukaribisha nasi tushikane nao. Mama alifurahi sana. Alinikanyaga mguu chini ya meza kunionyesha: si unaona? Yule mke alimsifu Mama kitenge, akataka kujua kinavyofungwa, na Mama akasimama hapo hapo katikati ya ukumbi akamwonyesha, akamzungushia mtandio wake kiunoni. Walicheka kama marafiki wa zamani. Nilikuwa nikitafsiri maneno machache tu, maana hawakuyahitaji sana.

Madogo yalianza kesho yake. Tukiwa kwenye lifti, mama mmoja wa makamo alimgeukia Mama, akamwambia chumbani kwake sabuni imekwisha. Mama hakuelewa, akatabasamu, akasema "Yes", neno lake la kila shida. Yule mama akamwambia na mito pia haitoshi. Mama akasema "Yes" tena. Nikamwambia yule mama, kwa adabu kabisa, kwamba huyu ni abiria kama yeye na ni mama yangu. Akasema, "Oh, samahani, ni hiyo nguo." Hiyo nguo! Wafanyakazi wote wa ile meli walivaa mashati meupe na suruali nyeusi. Hakuna hata mmoja aliyefunga kitenge chenye maua mekundu.

Dada alicheka. Mlango wa lifti ulipofunguka aliniambia, "Usianze."

"Sijaanza kitu."

"Nakujua. Usianze."

Kwenye bufee mwanamume mmoja alimwekea Mama sahani chafu mkononi, akaendelea na maongezi yake bila hata kumtazama. Mama aliipokea, akaangaza huku na huku, akaiweka mezani taratibu, akajipangusa mikono. Alinitazama kuona kama nimeona. Nilikuwa nimeona. Tukajifanya wote wawili hakuna kilichotokea, na hiyo ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Kahawa yangu ilikuwa imepoa, lakini nilikishika kikombe kwa mikono miwili kama mtu anayejipasha moto.

Sasa nije kwenye viti.

Juu kabisa, kwenye sitaha yenye bwawa la kuogelea, kulikuwa na safu za viti virefu vya kulalia. Viti vilikuwa vingi, ila havikupatikana, kwa sababu watu walikuwa wakipanda alfajiri, wanatandika taulo juu ya kiti, wanaacha na kitabu au ndala moja juu yake, kisha wanarudi kulala. Ukifika baada ya kifungua kinywa unakuta viti vyote vimefunikwa taulo na hakuna mtu. Uongozi wa meli ulijua, na kila asubuhi ulitangaza kwa kipaza sauti kwamba kiti kilichoachwa kitupu zaidi ya nusu saa ni cha yeyote atakayekuja. Nilimtafsiria Mama tangazo hilo. Alilipenda. "Hiyo ni sheria ya haki," akasema.

Siku moja hatukutia nanga popote, kwa hiyo abiria wote walikuwa juu. Mama alitaka kunyoosha miguu juani. Tulisimama pembeni mwa viti viwili vyenye taulo za mistari, tukangoja. Dada alikwenda kuchukua vinywaji, akarudi, tukavinywa tumesimama. Hakuna aliyekuja. Meza ya pembeni walikuwa wamekaa wale wenzetu wa chakula cha jioni, mume na mke, wakisoma chini ya mwavuli. Walitupungia mkono. Mke akatuambia, "Hivyo havina watu tangu sisi tumefika. Kaeni tu."

Basi Mama akaziondoa zile taulo. Hakuzitupa. Alizikunja vizuri, pembe kwa pembe, kama anavyokunja shuka za nyumbani, akaziweka juu ya meza ndogo pamoja na kitabu cha watu, akakaa. Akainyoosha miguu. Akafumba macho. Magoti yake yalikuwa yamepata jua, na nilimsikia akishusha pumzi ndefu.

Alikuwa karibu kusinzia alipotokea mwanamke wa kofia pana, mkononi ana kinywaji chenye kipande cha nanasi, mumewe nyuma yake. Hakusema samahani. Hakusema hata habari. Alisimama mbele ya Mama akamziba jua.

"Toka kwenye kiti changu."

Mama akafumbua macho. "Yes," akasema, huku anatabasamu.

"Umesikia anavyonicheka?" yule mwanamke akamwambia mumewe. Kisha akapaza sauti, akaanza kuongea polepole, kama watu wafanyavyo wakidhani ukiongeza sauti lugha inageuka. Alisema taulo zake zimechezewa. Alisema kwenye kitabu chake alikuwa ameweka miwani ya jua na sasa haionekani. Aliuliza nani aliyemruhusu huyu kupanda huku juu.

Niliinuka kwenye kiti cha pili. Nilimweleza kanuni ya nusu saa. Nilimwambia tumesimama hapa muda gani, na miwani yake iko kichwani mwake, juu ya ukingo wa kofia, na kweli ilikuwa pale. Aliigusa. Haikumnyamazisha. Alitoa simu akaanza kumpiga Mama picha, akisema anahitaji ushahidi, na mumewe alikwisha kwenda kumwita askari wa meli.

Askari alipokuja hakumwuliza yule mwanamke chochote. Alimwinamia Mama, akaomba kuona kadi yake ya chumba.

Hapo ndipo jambo lililonichoma kuliko yote lilipotokea, na yeyote aliyekuwa akitazama asingeliona. Mama aliinuka. Aliitoa kadi kutoka kwenye kifundo cha kitenge chake, akaikabidhi kwa mikono yote miwili, kichwa ameinamisha, akasogea hatua nyuma kungoja. Namna hiyo naijua. Ndivyo alivyokuwa akikabidhi kadi ya chakula kambini, kwa watu waliokuwa na uwezo wa kusema leo hupati. Miaka yote hii Marekani sikuwa nimemwona akifanya hivyo tena. Ana pasipoti ya nchi hii. Alisimama mbele ya jaji akaapa, na mimi nilikuwepo, nilimpigia makofi. Na sasa mbele ya bwawa la kuogelea, kwa sababu ya kiti cha plastiki, amerudi kwenye foleni ya kambi.

Nilipiga kelele. Sikumbuki maneno yote. Namkumbuka askari akiniambia nitulie, na nakumbuka nikimwuliza mbona kadi ya huyu wa kofia hajaiomba. Nakumbuka watu waliokuwa majini wakija kuegemea ukingo wa bwawa ili watazame vizuri. Na nakumbuka nikigeuka kuwatazama wale wenzetu wa mezani, walioketi hatua chache tu, walioona taulo zile kabla yetu, waliotuambia kaeni tu. Mume alikuwa amezama kwenye kitabu chake. Mke alikuwa akitafuta kitu ndani ya mkoba, akitafuta, akitafuta.

Dada akanishika mkono kwa nguvu. "Nyamaza. Tunaondoka. Usituharibie safari."

"Mimi ndiye ninayeharibu?"

"Nyamaza, mdogo wangu. Nakuomba."

Askari akarudisha kadi, akasema hakuna tatizo, ila kwa amani ya wote ni vizuri tutafute viti vingine. Kwa amani ya wote. Mama alivaa ndala zake, tukashuka.

Tulirudi chumbani. Mama alilala amegeukia ukuta. Baadaye kidogo mlango uligongwa, ikaletwa sahani ya matunda yaliyokatwa kama maua, na kikadi cha uongozi chenye kusema wanasikitikia kutoelewana kulikotokea. Nilitaka kukitupa baharini. Kutoelewana! Nani alishindwa kumwelewa nani? Dada alianza kula mananasi yale, nikamwona kama msaliti.

"Unakula?"

"Nina njaa," akasema. "Na wewe ungekuwa na njaa, kama usingekuwa umeshiba hasira."

Jioni nilikataa kwenda ukumbini. Mama ndiye aliyeinuka akanawa uso, akajifunga kitenge kingine, kile cha bluu cha sikukuu. "Twendeni," akasema. "Chakula ni chetu kama kilivyo chao."

Wale mume na mke walikuwa wamekwisha kukaa. Wakanyoosha mikono tuombe. Mama hakutoa wake. Aliomba peke yake kimyakimya, akafungua leso. Tulikula supu, kisha yule mke akaweka kijiko chini, macho yamemlowa, akaniambia, "Mwambie mama yako nimeumia sana kwa yaliyompata leo. Yule mwanamke alikuwa mbaya mno. Nilitetemeka."

Nilimtafsiria Mama. Mama alitafuna akamaliza, akameza, akanijibu kwa Kirundi, na nikajua hapo kwamba amekasirika kuliko mimi.

"Mwulize, aliona?"

Nikamwuliza. Akasema ndiyo, aliona kila kitu.

"Mwulize, alijua kwamba viti havikuwa na mtu?"

Akasema ndiyo. Mumewe akasogeza glasi yake.

"Basi mwambie hivi, na usipunguze wala usiongeze. Sitaki pole yake ya hapa mezani. Pole ningeitaka kule juu."

Nilitafsiri. Sikupunguza wala kuongeza. Kwa miaka mingi nimemtafsiria Mama hospitalini, benki, shuleni kwa walimu wetu, na mara nyingi nilikuwa nikilainisha maneno yake njiani ili watu wasimwone mkali. Safari hiyo niliyapeleka kama yalivyo. Yule mke aligeuka mwekundu mpaka shingoni. Mume akasema, "Hatukutaka kuingilia." Nikamwambia, "Mlikwisha kuingilia. Ninyi ndio mliotuambia tukae."

Wakaondoka kabla ya kitindamlo. Dada aliniangalia kama aliyetaka kunizaba kofi, kisha akamwangalia Mama, akaendelea kula.

Asubuhi ya pili yake Mama alituamsha. Amekwisha vaa, amejipaka mafuta, mfuko wake uko begani. Akasema anakwenda juu kukaa juani, anayetaka amfuate. Tulimfuata kwa sababu tusingeweza kumwacha. Viti vilikuwa vile vile, taulo zile zile za mistari, watu hakuna. Mama alisimama akangoja, muda mrefu kuliko nusu saa, kwa makusudi. Halafu akazikunja tena, pembe kwa pembe, akakaa.

Sikukaa. Nilisimama kando yake nikipanga maneno. Mara nikamwona yule mke wa mezani anakuja, peke yake, mumewe hayupo. Hakutusalimia. Alivuta kiti cha kawaida, akakiweka karibu na Mama, akakaa, mkoba mapajani. Mama hakumtazama. Walikaa hivyo, wote wakiangalia bahari.

Yule wa kofia alipotokea alianza kusema akiwa mbali. "Tena? Siamini! Tena?"

Yule mke akainuka. Sauti yake ilitetemeka, lakini ilisikika. "Viti hivi havikuwa na mtu. Nimekuwa pale kwenye ngazi nikitazama. Na jana pia havikuwa na mtu."

Ikawa ndio mwisho. Yule mwanamke wa kofia alimwangalia, akafungua mdomo, akaufunga, akachukua taulo zake zilizokunjwa, akaenda zake. Hakumwita askari. Hakutoa simu. Hata mumewe, aliyekuwa akija na vinywaji, aligeuzwa njiani.

Mama alimgusa yule mke mkononi, kidogo tu, kama mtu anayepima joto la maji. Yule mke akaanza kulia. Mama akampa kipande cha leso. Watu waliokuwa karibu wakatabasamu, mmoja akasema ni jambo zuri kuona watu wanapatana. Dada naye machozi yalimlengalenga.

Mimi hasira ilinipanda upya, kubwa kuliko ya jana, na hata leo nikieleza watu hunishangaa. Wanasema si alirekebisha? Si alisimama? Ndiyo, alisimama. Na nikaona jinsi kilivyokuwa kitu kidogo. Maneno machache, sauti inayotetemeka, basi. Mimi nilikuwa nimeyasema yale yale jana yake kwa Kiingereza kilichonyooka, nimetoa sababu, nimeonyesha miwani kichwani, na nilichopata ni kuambiwa nitulie. Yeye hakutoa ushahidi wowote, na aliaminiwa kabla hajamaliza. Alikuwa na ufunguo ule mkobani mwake wakati wote, akajifanya anatafuta kitu kingine. Mama alimsamehe pale pale. Kusamehe ni haki ya Mama, kwa kuwa kadi ilikuwa yake. Mimi nilishuka chumbani nikakaa peke yangu mpaka jua likatua.

Safari iliyobaki ilikwenda bila tukio. Tulitelemka kwenye kisiwa kimoja, Mama akaingiza miguu baharini, akanunua kikapu. Kwenye lifti hakuna aliyemwomba sabuni. Siku ya kuagana yule mke alimkumbatia, akampa anwani yake. Mimi nilimpa mkono.

Buffalo theluji ilikuwa palepale. Jumapili, baada ya ibada, akina mama walimzunguka Mama kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, nami nilikuwepo kwa kuwa nilichelewesha kurudi Columbus. Mama mmoja wa Uvira kule Kongo, jirani yetu anayechanganya Kiswahili na Kifaransa, alikuwa na maswali mengi kuliko wote.

"Bon, na batu ba mule, beko namna gani?"

Nilingoja Mama aseme watu wa humo walikuwaje. Akawaeleza chakula kilivyokuwa kingi, bahari ilivyobadilika rangi, na mzungu mmoja mwimbaji wa kwaya aliyejifunza kufunga kitenge. Hakutaja kiti. Hakutaja kadi.

"Kwa nini hukuwaambia?" nilimwuliza garini.

"Wanaijua hiyo," akasema. "Wote wanaijua. Bahari ndiyo hawaijui."

Na dada hatukuzungumza vizuri kwa muda. Tulitumiana ujumbe wa mambo ya dawa za Mama na siku za kuzaliwa, basi. Miti ilipoanza kuchanua niliendesha gari mpaka Louisville, nikamkuta ametoka zamu, miguu ameitumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi. Niliosha vyombo vyake, nikapika ugali na dagaa, tukala. Halafu nikamwambia yaliyonikaa. Kwamba aliniambia mimi ninyamaze, si yule mwanamke. Kwamba alikula matunda yao.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti.

"Wewe kazini kwako," akasema, "mara ngapi kwa wiki mtu anakuita kwa kukupigia mluzi?"

Nilikusanya sahani zetu.

"Mimi msimamizi wangu ananipigia mluzi. Ana majina ya watu wote kwenye karatasi, ananipigia mluzi mimi. Na nanyamaza, kwa sababu nikiongea kila anaponipigia, nitakuwa naongea zamu nzima. Ile wiki niliingoja mwaka mzima. Nilitaka wiki moja tu nisikasirike. Nilipomwona yule mwanamke anakuja na kofia yake, unajua nilifikiri nini? Nilifikiri, sikubali, hii ni likizo yangu. Nikawa tayari kumpa viti, taulo, na miwani ningemnunulia nyingine, mradi tu nisiirudie ile hali. Wewe unakasirika kama mtu mwenye nafasi ya kukasirika. Mimi sina."

Maji ya beseni yalikuwa yamepoa. Nilimwongezea ya moto. Nilitaka kumwambia samahani, lakini niliogopa lingekuwa neno la mezani tu. Nikamkanda miguu. Akaniacha nimkande.

Tukiwa bado hivyo simu yake ikalia, Mama kwa video, uso wake umejaza kioo kizima kama kawaida yake, tunaona paji la uso na dari. Nyuma yake tulisikia vicheko. Akageuza simu: mama wa Uvira, na mwingine wa kanisani, wameketi jikoni kwake na chai.

"Mwaka ujao nataka kurudi kwenye ile meli," Mama akasema. "Hawa wanakuja na mimi. Huyu mmoja anajua Kiingereza kizuri, amefanya usafi hoteli miaka mingi, anajua maneno yote."

"Mama," nikaanza, "baada ya yale yote..."

"Wewe nani aliyekuuliza?" akasema. "Nazungumza na dada yako. Mwanangu, tutafutie. Sisi watatu, chumba kimoja. Na uwaambie meza yetu ya chakula tunataka wenyewe, bila wageni."

Mama wa Uvira akasogeza uso kwenye kioo. "Na viti, donc, tutaamuka mapema," akasema, wakacheka wote watatu mpaka simu ikayumba.

Dada aliniangalia, miguu yake ingali mikononi mwangu, akafungua kompyuta juu ya magoti, akaanza kutafuta.